Mwaka Jino la Baba Liliponyamaza

Dada yangu Auma alifariki mwezi uliopita, na kazi ya kwenda kumvisha ikaniangukia mimi, kwa sababu wa rika letu nimebaki peke yangu, na hawa wakaza wana wetu wanaogopa maiti kana kwamba maiti inauma. Nilikwenda chumba cha maiti hapa Nakuru asubuhi mapema nikiwa na rinda lake la kwaya na kitambaa cheupe cha kumfungia kidevu. Kijana anayefanya kazi pale alikuwa ameshamwosha vizuri, na alinisaidia kumwinua kwa heshima. Halafu akasema, "Mathe, huyu shosh alikuwa na meno fiti. Mimi niko hapa kila siku, na sijaona mtu wa umri huu na meno kama haya. Hata yangu hayafiki hapo." Akafungua mdomo wake kunionyesha, na ni kweli, hayakuwa yanafika. Nikamwambia aende akaangaliwe. Akasema, "Lakini hayaniumi, mathe." Hasira ikanipanda pale pale mbele ya dada yangu, hasira ya karibu miaka sabini, nikamjibu kwa ukali kwamba sikumuuliza kama yanauma. Kijana wa watu akarudi kulinyoosha rinda. Nadhani aliona ni uchungu wa msiba, na hakukosea, ila msiba wenyewe ulikuwa mwingine.

Baba yetu aliuawa na jino. Nimewahi kulisema hilo mbele ya watu, na mara nyingi hucheka kwanza wakidhani naanza kisa cha kuchekesha, halafu wananitazama usoni na kicheko kinawakauka. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, watu walikuwa wakifa kwa mambo mengi na hakuna aliyeshangaa. Lakini jino? Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kila Jumatatu kabla ya hesabu niliwaambia watoto wafungue midomo, nami napita katikati ya madawati nikichungulia. Waliniita Mwalimu Mdomo Wazi. Wengine wao sasa ni wazee wenye mikongojo, na bado wananiita hivyo tukikutana sokoni. Sikuwaeleza kamwe sababu. Auma aliijua, na kwa kuwa Auma ameenda, hakuna anayeijua kikamilifu ila mimi, na sitaki niende nayo.

Tulikaa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha unga, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa ndani walilala Baba na Mama. Upande wa mlangoni tulilala Auma na mimi, pamoja na jiko, masufuria, gunia la mkaa na baiskeli ya Baba, ambayo haikuruhusiwa kulala nje hata siku moja. Baba alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Alirudi jioni akiwa mweupe nyusi na masikio, akajipangusa mlangoni ili Mama asilalamike, kisha akauliza kama chai iko. Alipenda sukari kupita kiasi. Alisema utotoni mwake aliisikia tu ikisimuliwa, na sasa ameipata hakuna wa kumwambia apunguze. Jumamosi alituletea sukari guru kutoka dukani kwa Mhindi, imefungwa kwenye gazeti, tukaimung'unya mpaka usingizi ukatuchukua ikiwa bado shavuni. Miezi ya kiangazi, upepo ulipoinua lile vumbi jeupe la ziwani ukalipitisha chini ya mlango, alisema kutwa nzima ameshinda na unga unaolika, na sasa amefuatwa nyumbani na ule usiolika. Nikifumba macho nausikia mpaka leo mluzi mdogo uliokuwa ukimtoka kila alipotamka neno lenye "s", kwa sababu ya lile pengo.

Pengo lenyewe walikuwa nalo wote wawili, Baba na Mama. Kwetu Nyanza, wakati wa ujana wao, mtu akifikia umri wake aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, kwa kipande cha chuma, na hakutakiwa kutoa sauti. Baba hakutoa. Hilo lilikuwa jambo alilojivunia kuliko mshahara na kuliko baiskeli. Nilipomuuliza kwa nini walifanyiwa hivyo, alisema ni mlango. Kuna ugonjwa unaofunga taya, alisema, na mtu mwenye meno yote hufa njaa huku watu wake wamesimama wanamwangalia na bakuli mkononi. Mwenye pengo hupitishiwa uji na dawa mpaka taya liachie. Alipomaliza kueleza alitema mate kupitia mlango huo, yakaruka mtaro wote wa landhi yakatua ng'ambo, na sisi tukapiga makofi.

"Watoto wangu hawatafunguliwa mlango wowote," Mama alisema akiwa anakoroga sufuria. Alikuwa ameokoka, na hakupenda mazungumzo hayo. "Wataingia mbinguni na meno yao."

"Ni sawa, Min Auma," Baba alimjibu, akimwita Mama Auma kwa Kijaluo. "Huko watakuta ugali ni mgumu."

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minne, na gego langu la chini lilianza kuniuma. Niliumwa tukiwa tunakula omena, mwiba mdogo ukaingia kwenye tundu, nikapiga kelele hata jirani akagonga ukuta. Baba alinitazama kwa huruma na kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba watu wengine hulia. Alipopata nafasi alinitoa kwenye kazi za nyumbani, akatuchukua mimi na Auma mpaka mjini kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja aliyekuwa na chumba chake chini na nyumba yake juu. Auma hakuwa na jino lolote linalomuuma. Alichukuliwa kwa sababu ukipeleka mmoja mwingine atanuna. Mama alikuja pia, lakini alibaki uani kwenye mlango wa nyuma, ambao ndio Waafrika tulioingilia, akikaa chini ya nguo zilizoanikwa. Alisema mwanamke mzima hawezi kumfunulia kinywa mwanamume asiyemjua, hata kama amevaa koti jeupe.

Chumba kilinuka mafuta ya karafuu. Daktari alikuwa mwembamba, miwani yake imeshikwa na uzi nyuma ya kichwa, na alizungumza taratibu kana kwamba siku haina mwisho. Alinikalisha kwenye kiti kilichoinama nyuma akaniuliza, "Jino gani nasumbua?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, halafu asiliangalie kabisa. Nilidhani hajanielewa. Alisimama mbele yangu akanitazama uso, upande huu na upande ule, kuona kama mashavu yalilingana. Akapitisha vidole chini ya taya langu na kushuka shingoni, taratibu, akibonyeza kama Mama anavyobonyeza embe sokoni, akitafuta tezi zilizovimba. Akaweka vidole mbele ya masikio yangu akaniambia nifungue na kufunga, nifungue na kufunga, akisikiliza kwa vidole kama kiungo cha taya kinakwaruza. Wakati huo wote alikuwa akimuuliza Baba maswali: huyu mtoto akijikata, damu inachelewa kukauka? Amewahi kuugua homa ya kulazwa? Analala mdomo wazi?

Baba alivumilia, halafu akashindwa. "Daktari, ni lile la mwisho, chini kulia."

"Nimesikia, mzee. Hiyo hawezi kukimbia. Mgonjwa najua jino moja tu, ile napiga kelele. Mimi nataka kujua zile ingine zote."

Akaendelea. Alinigeuza midomo nje akaitazama kwa ndani, akanivuta mashavu, akanishika ulimi kwa kitambaa akauvuta kulia na kushoto, akaniambia niuinue atazame chini yake, kwa sababu huko, alisema, vidonda vibaya hupenda kujificha. Auma alicheka sana kuniona nimeshikwa ulimi. Alitazama kaakaa, akatazama koo. Akachukua kijiti cha chuma chembamba akapita kwenye ufizi, akingoja kuona kama damu inatoka. Ndipo akaja kwenye meno, moja baada ya jingine, kwa kioo kidogo chenye mpini na sindano iliyopinda, na lile langu la kelele akalifikia mwisho kabisa. Lilizibwa siku ile ile. Jirani yake, ambalo halikuwa limeniuma hata kidogo, lilikutwa limeanza kuoza mahali ambapo mimi nisingeweza kupaona maisha yangu yote. Auma naye, aliyeletwa asinune, alipokalishwa alikutwa na matundu mawili. Hakucheka tena.

Hapo daktari akamgeukia Baba. "Na wewe, mzee?"

"Mimi? Yangu waliyotaka kutoa walishatoa."

"Baba anaogopa," Auma alisema, bado shavu limekufa ganzi.

Basi akakaa. Sidhani kama kuna kitu kingine ambacho kingemkalisha pale. Nakumbuka viatu vyake vya matairi vikining'inia mwisho wa kile kiti, na unga kwenye mistari ya visigino vyake. Daktari alimwangalia vile vile alivyotuangalia sisi, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye pengo alipitisha kidole juu ya ufizi, polepole, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Kazi safi," alisema. "Wewe nalia?" Baba akatikisa kichwa kwa fahari. "Sasa iko jino nauma?" Hakuna. Daktari akageuza kioo chake akaanza kugonga meno kwa mpini, tok, tok, moja moja. Alipofika gego la mwisho la chini kushoto, uso wa Baba haukubadilika hata kidogo, lakini sisi tuliokuwa tumesimama upande wa miguu tuliona vidole vyake vya miguu vikijikunja. Mtu aliyenyamaza kwa meno sita angelalamikaje kwa moja? Daktari hakuiona miguu, ila hakuwa amemaliza. Alichukua pamba akaichovya kwenye kitu cha baridi kilichofuka, akawa anaigusisha kwenye meno. Kila jino Baba alishtuka. Lile moja, akatulia.

"Hii hapana sikia kitu," daktari alisema.

"Basi hiyo ndiyo nzuri."

"Hapana, mzee. Hii ndiyo mbaya. Hii imekufa. Iliwahi kuuma?"

Baba alifikiri. Akasema mwaka uliotangulia liliuma sana, kwa wiki nzima, mpaka akadhani kichwa kitapasuka, halafu asubuhi moja likanyamaza lenyewe. Mama, aliyekuwa sasa huko uani, siku ile alikuwa amemshukuru Mungu. Sisi hatukuwa tumejua. Daktari alivuta kiti chake kidogo akakaa, magoti yao yakakaribiana, akamweleza, na maneno yale nimewarudishia watoto wa watu miaka yote. Jino likipiga kelele, alisema, liko hai, linaomba msaada. Likinyamaza bila kutibiwa, uoza haukuondoka, umeshuka chini kwenye mzizi, umeingia kwenye mfupa, na huko unangoja. Akampiga picha kwa mashine yake, Baba akiwa ameshikilia kile kikaratasi cha picha kinywani kwa kidole chake mwenyewe, na alipoisafisha alituonyesha dirishani. Chini ya mzizi palikuwa na kivuli cha mviringo. Baba aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya watoto wa mtu mwingine. Akaambiwa arudi Jumamosi litolewe. Akasema atarudi, na najua alisema kweli, kwa sababu hakuwa mtu wa uongo.

Jumamosi hiyo mashine iliharibika kiwandani. Iliyofuata alikuja mgeni kutoka nyumbani, na mgeni haachwi na watoto. Iliyofuata palikuwa na mazishi ya mwenzao wa kazini. Mama alimkumbusha, na kila mara Baba aligusa shavu lake akasema, "Limenyamaza, Min Auma. Si unaona limenyamaza?" Alisema kwa furaha. Huwa nafikiri juu ya hilo nikiwa nimekaa peke yangu jioni: kwamba tulikuwa tumeambiwa waziwazi ukimya maana yake nini, na bado, miezi ilivyopita, ule ukimya ukatuzoesha. Maumivu yangempeleka mjini kwa magoti. Afya aliyokuwa nayo ndiyo iliyomweka nyumbani, na meno ya binti zake yakawa mazima huku lake likiendelea na kazi yake huko chini bila kumsumbua mtu.

Mvua zikaja, mahindi mabichi yakaingia kutoka Subukia. Baba alikula mahindi ya kuchoma kwa namna ya watu wenye pengo, akipukuchua punje kwa kidole gumba na kuzirushia nyuma kwenye magego. Jioni moja akiwa anapukuchua alisimama ghafla, akaweka gunzi chini, akatoka nje. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba. Alikwenda kazini hivyo hivyo, akarudi, akaenda tena, na siku aliyoshindwa kwenda ni kwa sababu hakuweza kufungua kinywa. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yameshikana kabisa. Alikaa kitandani akatuonyesha kwa mkono, karibu kwa mzaha: imefungwa.

Alikuja Jaduong' Ogolla, binamu yake mkubwa, mzee wa kanisa na mtu wa kiwanda kile kile. Tulimheshimu kama babu. Nilikuwa upande huu wa pazia nikipuliza jiko, na nilisikia kila neno. Alikaa muda mrefu akimtazama Baba, kisha akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, "Mos, pole, ndugu yangu. Huu ndio ule ugonjwa. Ule wazee walioujua."

"Daktari alisema ana jino," Mama alisema.

"Jino huuma shavu, shemeji. Hili ni taya. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipotung'oa. Mlango upo. Mlishe uji, mlishe maziwa, usimwache aishiwe nguvu, na taya litaachia lenyewe. Mimi nimeona mtu akipona hivi kwa macho yangu."

Nilisikia Mama akishusha pumzi. Nami nilishusha yangu. Sitawadanganya: tulifurahi. Ugonjwa ulikuwa umepata jina, na dawa yake Baba alikuwa nayo kinywani tangu ujana, ameilipia kwa damu bila kulia. Sikuwahi kumchukia Jaduong' Ogolla, wala Mama hakumchukia. Alisema alichokijua, na alikisema kwa mapenzi. Kosa lile lisingefanywa na mtu asiye wa kwetu hapa Nakuru. Jirani yetu Mkikuyu angemkimbiza hospitali kwa sababu kwao hakuna mlango.

Mama akaanza kumlisha. Alipika uji wa wimbi mwepesi, akauchuja, akatia maziwa na sukari nyingi, akakaa ukingoni mwa kitanda na kijiko cha chai. Kijiko kiliingia kwenye pengo sawasawa, kana kwamba vilipimwa pamoja. Baba alimeza kwa shida, akitukonyeza jicho sisi tuliosimama na kandili. Bakuli lilipokwisha Mama aligeuka kutuonyesha lilivyo tupu, na sisi tukatabasamu. Siku chache zile zilikuwa na utulivu wa ajabu ndani ya chumba kile. Sijawahi kuwaona Baba na Mama wamekaa karibu hivyo mchana kweupe, uso kwa uso, yeye akipanguza kidevu chake kwa upindo wa leso kila baada ya kijiko. Tuliangalia mabakuli badala ya kuangalia shingo. Laiti mtu mmoja angepitisha vidole chini ya taya lile, kama yule daktari alivyofanya hata kwa mtoto aliyemwambia jino ni hili hapa.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Mama alikuwa akimpanguza uso. Mkono wake ulishuka shingoni ukasimama. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao, kuanzia sikio mpaka sikio. Usiku wa kuamkia siku hiyo Baba hakuwa amelala chini, alikuwa amekaa wima, mate yakimtoka, na alipojaribu kusema sauti ilitoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Mama aliitupa leso. "Awino, tafuta mkokoteni," aliniambia, na hakungoja kumuuliza mtu yeyote, Ogolla wala mchungaji. Tulimsukuma Baba mpaka mjini amekaa wima juu ya magunia ya muuza mboga, Auma amemshika mgongo, na walinzi wa barabarani walipotaka kutusimamisha walimtazama mara moja wakatupisha.

Daktari alishuka kutoka nyumbani kwake na ndara miguuni. Alipomwona alisema, "Mbona sasa? Mbona sasa?" na hakungoja jibu. Alishika shingo, akajaribu taya kwa vidole gumba, likakataa. Akachukua kioo chake kidogo, akakunja mikono ya shati, akakiingiza kupitia lile pengo, akachungulia. Alichungulia huku na huku, jasho likimtoka. Halafu akakitoa. "Siwezi kuona kitu," alisema. "Ulimi imepanda juu yote." Akamgeukia Mama, aliyekuwa ameingia mpaka ndani kwa mara ya kwanza. "Anakula namna gani?"

Mama alimweleza kuhusu uji. Alimweleza kwa undani, wimbi, maziwa, kijiko, jinsi alivyomaliza bakuli kila mara. Nilisikia fahari ndani ya sauti yake ikiendelea kutembea peke yake hata baada ya uso wake kuanza kuelewa.

"Mama," daktari alisema kwa upole sana, "njaa haikuwa ugonjwa yake."

Alitubeba kwa gari lake mwenyewe mpaka hospitali ya Waafrika, akaingia pamoja nasi, akaongea na waliokuwa zamu kwa Kiingereza cha haraka. Walimpiga sindano, wakamkalisha karibu na dirisha. Alikuwa akivuta pumzi kwa kelele, halafu kwa kelele ndogo zaidi. Alitutazama mimi na Auma, akainua kidole akagusa shavu lake, na mpaka leo sijui alitaka kutuambia nini. Alikufa jua likiwa bado liko juu ya mlima Menengai. Na alipokwisha kufa, taya liliachia. Lilifunguka lenyewe, taratibu, likaning'inia, na kinywa kilichofungwa siku zote zile kikawa wazi mbele yetu, yeyote angeweza kutazama ndani. Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga kidevu. Kwenye mfuko wa rinda lake kile kijiko cha chai kilikuwa bado kimo.

Nilimfunga Auma kidevu vile vile mwezi uliopita, fundo juu ya utosi, si la kukaza sana. Kabla ya kufunga niliyatazama meno yake. Mawili ya nyuma yalikuwa na viraka vya kijivu vya yule daktari, vimechakaa, bado vimeshika. Nililia hapo, kwa sauti, na yule kijana akatoka nje akaniacha. Nilimlilia dada yangu, na nilimlilia Baba, aliyetupeleka mjini sote wawili asije mmoja wetu akanuna.

Mwaka ule, tuliporudi kutoka kumzika Baba Nyanza, Mama hakungoja hata nywele zake zilizonyolewa zianze kuota. Alituvalisha nguo safi, akatushika mikono kama watoto wadogo, akatutembeza mpaka mjini, na tulipofika kwenye mlango wa nyuma hakusimama chini ya zile nguo za kuanikwa. Aliingia. Nilidhani ametuleta sisi, nikaenda kukalia kiti, akanisogeza kando kwa mkono. Alipanda yeye. Alivua leso, akaikunja mapajani, akaegemeza kichwa chenye upara nyuma. Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaja akasimama mbele yake, akamtazama uso upande huu na upande ule, akamuuliza kama alivyotuuliza sote, jino gani inamsumbua.

"Hakuna, daktari," Mama alisema. "Yote yamenyamaza. Ndiyo maana nimekuja." Na akafungua kinywa.